Mwalimu Fabiani na Nyumba Arobaini za Itebula

Baba Padre, wazee wetu, mama zangu mliokaa nasi hapa chini tangu Jumatatu, ndugu na jamaa mliotoka Mamba, Karema na Katumba, na nyie mliokuja kwa lori kutoka Itebula, naomba utulivu wenu. Naitwa Prisila, ni mtoto wa pili wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu kaka yangu Thadei, ambaye ndiye angesoma, yupo jeshini na mpaka asubuhi hii hajarudi kutoka Uganda. Karatasi hizi nimeziandika mwenyewe. Jana kamati ya mazishi, ambayo mwenyekiti wake ni ndugu Yohani, huyu aliyeketi benchi la mbele, ilizisoma ikanirudishia zikiwa zimekatwa kwa wino mwekundu, habari za chuo zote, kurasa mbili nzima, na pembeni pameandikwa kwamba niseme tu kuwa marehemu alijishughulisha na elimu. Nimezirudisha zote. Leo ndiyo mara ya mwisho jina la baba yangu kusomwa mbele ya watu, na kwa miaka mitano jina hilo limetajwa Itebula kama la mtu aliyeita malori, likishuka kaburini hivyo hivyo hakuna atakayelisafisha tena, kwa hiyo nitasoma mpaka mwisho, na atakayechoka akae kivulini.

Marehemu Mwalimu Fabiani Makarius alizaliwa tarehe 20 Januari 1926 huko Mamba, Mpimbwe, siku ya Mtakatifu Fabiani, ndiyo maana hakuna aliyehangaika kumtafutia jina, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Makarius, mkulima wa mpunga, na mama Josefina, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alibatizwa tarehe 7 Februari mwaka huo huo.

Alianza masomo katika shule ya misheni mwaka 1936, akaendelea Karema, ambako alimaliza mwaka 1942, kisha akapelekwa kwenye mafunzo ya ualimu na kupata cheti chake mwezi Desemba 1945. Cheti hicho tunacho, na nyuma yake mkuu wa chuo ameandika kwamba kijana huyu ana akili na adabu, ila ana tabia ya kusahihisha maswali ya mtihani kabla ya kuyajibu. Tuliosoma kwake tunajua kwamba tabia hiyo haikumtoka hata alipoota mvi.

Kuhusu kazi, alifundisha Mpimbwe kuanzia Januari 1946 hadi mwaka 1949, akaja Mpanda kuajiriwa kuwa karani wa stoo katika mgodi wa risasi, akakaa hapo miaka kumi na moja mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1960, halafu akarudi kwenye ualimu hapa mjini hadi mwaka 1969. Mgodini ndiko alikojifunza kupima, kujenga na kuandika daftari la stoo, na mwenye stoo yeyote aliyepo hapa anajua daftari hilo lina safu mbili, ya vitu vilivyopo na ya vitu vinavyotarajiwa, na kwamba karani anayechanganya safu hizo hafai kushika ufunguo. Marehemu aliishi kwa safu hizo mbili hata nyumbani. Mama akimwambia kuna kuku wanane, aliuliza wangapi wapo na wangapi wako kwenye mayai.

Alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Romana, Jumamosi tarehe 27 Oktoba 1951, na Mungu akawajalia watoto wanne, Thadei aliyezaliwa mwaka 1953, mimi mwaka 1955, Hilaria mwaka 1960, na Cecilia aliyezaliwa tarehe 30 Machi 1968. Walio hai ni watatu.

Sasa nafika kwenye chuo. Mwaka 1969 marehemu aliwaomba wazee wa Itebula, maili saba kutoka hapa, wampe mahali ambapo mgodi ulikuwa na kambi yake ndogo ya kutafutia madini, pakiwa pamebaki nyumba mbili zisizo na milango na ghala la baruti lenye kuta za futi mbili, wakampa, na Jumatatu tarehe 2 Februari 1970 akafungua Chuo cha Itebula akiwa na wanafunzi kumi na mmoja, wengi wao wakiwa wamekosa nafasi za sekondari na wameshaambiwa nyumbani wachukue majembe. Sharti la kuingia lilikuwa moja, kila mwanafunzi, wa kiume na wa kike, afyatue matofali mia tano, ayachome, yahesabiwe mbele ya wenzake, ndipo apewe kitabu cha kwanza, na tofali lililopasuka halikuhesabiwa hata kama aliyelifyatua ni mtoto wake, mimi mwenyewe nilirudia sabini na tatu huku nikilia. Wa kwanza kabisa kumaliza mia tano zake alikuwa ndugu Yohani, siku tisa tu, na marehemu aliandika jina lake kwa chokaa juu ya mlango wa darasa la kwanza.

Kufikia mwaka 1974 chuo kilikuwa na nyumba kumi na nne, madarasa matatu, mabweni mawili, nyumba nne za walimu, jiko, karakana, ofisi, na zile mbili za mgodi zilizotiwa milango, mbali na lile ghala la baruti ambalo ndilo lilikuwa maktaba, kwa kuwa mchwa hawakuweza kupenya kuta zake, na ndani yake palikuwa na vitabu mia sita na kumi na moja, ambavyo marehemu aliviomba kimoja kimoja kwa barua kutoka kwa watu ambao hakuwahi kuwaona. Kisima kilichimbwa futi arobaini na mbili kwa mikono.

Mwishoni mwa mwaka 1973 alifika kwa baiskeli kutoka Katumba bwana Cyriaque, ambaye yupo hapa na mkewe Vénérande, alikuwa akifundisha hesabu chuo kikuu cha kwao Burundi kabla ya kukimbia, na siku hiyo alikuwa na kibali cha siku moja tu cha kutoka kwenye makazi ya wakimbizi. Alisimama nyuma ya darasa, akasikiliza, akanyoosha kidole kama mwanafunzi, akasema kwamba hesabu ile ubaoni ilikuwa na njia fupi zaidi. Marehemu alimpa chaki palepale. Tangu hapo alikuja mara mbili kwa wiki, vibali vikiombwa kimoja kimoja, na wanafunzi tisa wa mwaka wa juu wakaanza kusoma mambo ambayo hakuna mtu wa Mpanda aliyekuwa ameyasoma Mpanda, ndipo marehemu alipopaka rangi ubao mpya na kuusimika njia panda, umeandikwa Chuo Kikuu cha Itebula. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia niliona aibu, nilikuwa na miaka kumi na minane na marafiki zangu waliniita binti wa profesa wa matofali. Lakini darasani hakuna aliyecheka, na tangu mwaka 1971 barua nne zilikwenda kuomba chuo kiandikishwe, hazikujibiwa.

Nyuma ya nyumba hizo kumi na nne marehemu alipima nyingine ishirini na sita kwa vigingi na kamba za mkonge, maabara, ukumbi wa sheria, zahanati, bweni la wasichana la ghorofa moja, na alikuwa hakubali mtu aruke kamba, ilikuwa lazima upite mahali alipoacha nafasi ya mlango. Nilimwona mzee mmoja wa kanisa akirudishwa azunguke ukumbi wa sheria mzima kwa sababu ya kuingilia ukutani. Ndivyo alivyokuwa, na nilimpenda kwa hilo, na nitasema sasa hivi kwa nini kwa hilo hilo nimemkasirikia.

Alhamisi tarehe 22 Agosti 1974 ililetwa fomu. Mwaka huo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini, na kata zote zilitakiwa kueleza ni wapi pana majengo na maji, lakini fomu yenyewe juu iliandikwa Taarifa ya Majengo basi, na marehemu, ambaye alikuwa amesubiri majibu ya barua zake miaka mitatu, aliamini kwamba sasa chuo kinaandikishwa. Alivaa koti ndipo akakaa kuijaza. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya idadi ya nyumba. Mtu mwingine angeandika kumi na nne akaweka kalamu chini, lakini yeye alichukua rula, akachora safu yake mwenyewe pembeni mwa fomu ya serikali, akaandika ya kwanza zilizopo 14, ya pili zinazotarajiwa 26, kwa sababu hakutaka wakubwa wadhani kwamba chuo chake kimeishia pale. Baba, hukuulizwa zinazotarajiwa. Hakuna aliyekuuliza.

Kilichofika juu ni kwamba Itebula ina nyumba arobaini, kisima na tanuru la matofali, na iko tayari kupokea watu.

Jumatatu tarehe 16 Septemba 1974 yalikuja malori, yakashusha watu siku nne mfululizo, kaya mia tatu na kumi na mbili, wengine wakiwa wameng'olewa mashambani mahindi yao yakiwa bado ghalani. Wengi wenu mlikuwemo. Mama mmoja alishuka na kuku watatu mkononi, akauliza nyumba yake ni ipi, akaonyeshwa kamba. Sijasahau kwamba nanyi mlitupwa pale kama mizigo, sijasahau kwamba hamkuomba kuja, na siwalaumu kwa kuingia madarasani mvua ilipoanza Novemba, mtu mwenye mtoto mgongoni ataingia popote penye bati, na marehemu mwenyewe ndiye aliyewafungulia milango na kuwasimamisha wanafunzi masomo. Ninachowalaumu ni kingine. Mlifanya maktaba ghala la tumbaku kwa kuwa ni kavu, sawa, lakini vitabu mlivitoa nje vikalala mvuani, na Februari mwaka uliofuata nilinunua karanga hapa sokoni zimefungwa kwa ukurasa wa kitabu cha jiometri chenye mhuri wa chuo. Matofali ya karakana yakaenda. Milango ikaenda. Niliyasikia pia maneno yenu, kwamba Mwalimu ndiye aliyewaita, kwamba aliandikia serikali nyumba arobaini za uongo ili apate watu wa kumjengea chuo chake bure.

Surua iliingia Desemba. Watu walikuwa wamelala familia nne chumba kimoja, na kuanzia Krismasi hadi mwisho wa Januari walizikwa watoto kumi na tisa, na wa kumi na mbili kati yao alikuwa mdogo wetu Cecilia, aliyefariki Ijumaa tarehe 17 Januari 1975, akiwa na miaka sita na miezi tisa. Wazazi wa wale kumi na wanane mlilia pamoja, watu walikaa msiba kwenu, walipika, walichota maji. Kwetu mkeka ulitandikwa ukabaki mkeka. Kaburi la Cecilia lilichimbwa na baba yake na kaka yake, na mama yangu alipika uji wa msiba wake mwenyewe, jambo ambalo katika nchi hii sijapata kulisikia hata kwa wachawi. Waliokuja ni wawili tu, Cyriaque na Vénérande, kwa kibali cha siku moja, wakakaa siku tatu, na waliporudi Katumba, Cyriaque alipewa adhabu ya kufyeka barabara wiki mbili. Mwalimu wa chuo kikuu. Alifyeka.

Mwezi Machi 1975 tulihamia hapa Nsemulwa, marehemu akaanza tena kufundisha watoto wa darasa la pili, akafundisha vizuri, na habari za chuo hakuzitamka. Nilimwuliza mara nyingi, nilimwuliza kwa upole na nilimwuliza kwa kelele, ulikuwaje ukaandika arobaini, na kila mara alinijibu kwamba fomu aliijaza yeye na yaliyotokea yametokea. Nami, Mungu anisamehe, niliamini kwamba baba yangu ni mwongo, na miaka miwili nilikuwa nikija nyumbani bila kula naye meza moja.

Jana, Jumanne, nilikuwa natafuta cheti chake cha ubatizo kwa ajili ya Padre, nikafungua sanduku lake la bati, na chini ya koti lile nikakuta nakala ya fomu, ile ya karatasi ya kaboni, kwa kuwa karani wa stoo hatoi karatasi bila kubaki na nakala. Ninayo hapa. Imeandikwa kwa mkono wake, zilizopo 14, zinazotarajiwa 26, na hakuna mahali popote pameandikwa arobaini. Atakayetaka kuiona tukitoka makaburini aje, nitamwonyesha, ila sitaiachia mkononi mwa mtu.

Nikampelekea mama na kumwuliza nani basi aliyejumlisha. Mama akanieleza kwamba Jumapili tarehe 22 Septemba 1974, malori yalipokwisha kuondoka, karani wa kata alikuja nyumbani kwetu baada ya misa, akapiga magoti jikoni, akasema, "Mwalimu, walinitaka kijiji cha nyumba arobaini kabla ya Jumamosi, nikajumlisha safu zako, ukisema nafukuzwa kazi na mke wangu ana mimba." Na marehemu akamjibu, "Inuka, usichafue suruali. Nitasema niliandika mimi." Hayo mama aliyasikia kwa masikio yake akiwa anachambua maharage, na aliamriwa asiyatoe maadamu mumewe yu hai. Karani huyo wa kata alikuwa ndugu Yohani.

Naona mmegeuka kumtazama, mtazameni. Simtukani. Ninasoma historia ya marehemu, na yeye ni sehemu yake. Ndugu Yohani, ulifyatua matofali mia tano na jina lako likaandikwa juu ya mlango, ulifundishwa kutenganisha kilichopo na kinachotarajiwa na mtu huyu huyu, ukachukua ndoto zake ukaziandika kuwa nyumba. Uliogopa, naelewa, hata mimi ningeogopa kwa wiki moja, hata kwa mwezi. Lakini ulikaa miaka mitano. Ulikuwepo Itebula Cecilia alipozikwa, nyumba yako ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwetu, na mkeka wetu uliuona mtupu. Ulimwona akiitwa mwongo sokoni, ukanyamaza, ukapandishwa cheo, ukapata ofisi yenye pazia, na jana ukachukua kalamu nyekundu.

Na wewe baba nimekukasirikia, nilisema nitasema. Ulimlinda mtoto wa watu ukatuacha sisi tubebe jina. Mama alikubeba, Thadei aliingia jeshini ili asisikie, mimi nilikunyima salamu, na ungenieleza mimi peke yangu ningenyamaza. Au pengine nisingenyamaza, na ulilijua hilo.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 1977. Jumamosi tarehe 3 Machi 1979 alianguka uani akapooza upande wa kulia, akalazwa hospitali majuma matano, akarudi nyumbani akiwa anaongea kwa shida, na akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kama za wanafunzi wake. Hali ilibadilika tena tarehe 8 Juni, na alfajiri ya Jumatatu tarehe 11 Juni 1979, mama akiwa amemshika, aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miezi minne na siku ishirini na mbili. Ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, na wanafunzi ambao idadi yao kamili ni mia moja na arobaini na wanane kwa upande wa chuo, hao walikuwepo, hawakuwa wa kutarajiwa.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliomgeuza kila saa mbili ili asipate vidonda, na kweli hakupata hata kimoja. Tunamshukuru Baba Padre aliyemletea komunyo kila Ijumaa, walimu wenzake waliomshikia darasa, na majirani wa Nsemulwa ambao tangu Jumatatu hawajatuacha hata kuchota maji wenyewe. Tunawashukuru Cyriaque na Vénérande, nao hawahitaji maneno yangu. Nyie wa Itebula nawashukuru kwa kuja leo, mmekuja wengi, nawashukuru kwa leo tu, kwa Januari ile siwashukuru, na wale waliofiwa watoto mwezi ule nawapa pole ambayo sikuwahi kuwapa, kwa sababu nami nilikuwa nimezira.

Limebaki la mwisho. Mwezi wa tano marehemu aliandika kwa ule mkono wa kushoto majina ya watu sita wa kubeba jeneza lake, na la kwanza ni la Yohani. Mama amesema neno la marehemu halivunjwi, na mimi nimeshindwa kumbishia. Kwa hiyo, ndugu Yohani, utabeba. Utabeba upande wa kichwa, mbele kabisa, watu wote wakikuona, na hutapokewa njiani mpaka kaburini, ni mwendo wa nusu saa.

Baba, ulimsamehe, ni hiari yako, na amani ya kazi hiyo ni yako, basi pumzika nayo. Sisi uliotuacha bado hatujaifikia.